Kutoka Ngomeni hadi Uwanja wa Gofu: Hukumu za Wakimbiaji

Ukitaka kuandika juu ya adhabu ukiwa Mombasa, huna pa kuanzia pazuri kuliko Fort Jesus. Wareno waliianza ngome hiyo mwaka 1593, lakini kwa wazee wengi wa mjini jengo lile halikuwa la Wareno wala la makumbusho: lilikuwa jela. Waingereza waliligeuza gereza mwaka 1895, likabaki hivyo hadi 1958. Karibu nalo ipo Mahakama ya Kale, iliyojengwa 1902. Mtu alisomewa hukumu, akatembezwa hatua chache, akafungiwa. Aliyeiba na aliyemtuma kuiba, wakikamatwa, waliingia mlango mmoja.

Kutoka hapo njia yangu inapita mtaa wa Kizingo, inazunguka ncha ya kisiwa na kuingia bustani ya Mama Ngina. Siku hizi pana ukingo wa mawe, ngazi na viti vya saruji. Rais Uhuru Kenyatta aliongoza hapa sherehe za Mashujaa Oktoba 2019 baada ya ukarabati. Mibuyu ipo palepale, na wauza madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili nao wapo, ingawa wamepangwa upya. Kando ya barabara ndipo ulipo uwanja wa gofu. Wenyeji wengi hawajawahi kuukanyaga, ila siku moja dunia nzima iliukanyaga.

Ilikuwa tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Nani asiyekumbuka joto la siku ile? Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka mitano mfululizo hakushindwa katika mbio hizo, alishikwa na jua na unyevu wa Pwani, akajitoa katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese akaipa Eritrea dhahabu. Moses Mosop wetu akawa wa pili. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi.

Lakini mimi nazifuata nyayo za vijana. Katika mbio za wanaume chipukizi Wakenya walichukua nafasi zote tatu: Asbel Kiprop wa kwanza, Vincent Yator wa pili, Mathew Kisorio wa tatu. Kiprop na Kisorio walikuwa na miaka 17 kila mmoja. Miongo miwili haijatimia, na wawili kati ya watatu hao majina yao yameingia katika daftari la walioadhibiwa kwa pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu.

Kisorio ndiye aliyetangulia. Mwaka 2012 alikutwa na dawa ya kujenga misuli, akafungiwa miaka 2. Tofauti na wengi, hakung'ang'ania kwamba alitiliwa kitu kwenye chai. Aliiambia televisheni ya Ujerumani, ARD, kwamba madaktari ndio waliokuwa wakiwapa wanariadha dawa, na kwamba hakuwa peke yake. Ungetarajia kauli hiyo iwe mwanzo wa kesi kubwa. Badala yake wakuu wa riadha waliishuku na kuikana. Mkimbiaji alitumikia adhabu yake, na wakati huo Kenya haikuwa hata na sheria maalumu ya kumshika aliyempa.

Kiprop alipanda juu zaidi, na kisa chake kina uchungu wa aina yake. Katika Olimpiki za Beijing 2008 alimaliza wa pili katika mita 1,500 nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Ramzi akakutwa na dawa, akanyang'anywa, na dhahabu ikaenda kwa Kiprop bila wimbo wa taifa wala uwanja uliojaa watu. Aliyeibiwa siku ile ni yeye. Akawa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2011, 2013 na 2015. Kisha Novemba 2017 sampuli yake iliyochukuliwa Iten ikaonyesha EPO, dawa ya kuongeza chembe za damu. Alijitetea kwamba mpimaji alimjulisha mapema na kumwomba pesa. Kitengo cha Maadili ya Riadha, AIU, kilikiri kwamba kweli alidokezewa ujio wa wapimaji, jambo ambalo ni mwiko, lakini jopo likaona hilo halibadilishi kilichomo ndani ya sampuli. Miaka 4, kuanzia Februari 2018.

Je, adhabu ile ilikuwa ya haki? Kwa upande wa Kiprop, naona ndiyo. EPO haiingii mwilini kwa bahati mbaya, na nyuma ya kila mshindi wa namna hiyo yupo kijana wa nafasi ya nne aliyerudi kijijini mikono mitupu. Anayemhurumia bingwa peke yake anamsahau huyo. Linalonikera liko kwingine.

Kabla ya kulifikia, tugeuke nyuma kidogo, maana neno kosa katika riadha limebadilika sana. Mombasa ndiyo iliyomzaa Seraphino Antao, Mgoa aliyeshinda yadi 100 na 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu katika michezo ile. Enzi zake mkimbiaji aliyepokea pesa ndiye aliyekuwa mkosaji. Kipchoge Keino alipojiunga na kundi la wakimbiaji wa kulipwa Marekani mwaka 1973, alijifungia mwenyewe mlango wa Olimpiki. Alipewa adhabu kwa kutaka jasho lake limlishe. Leo hakuna anayeona aibu katika jambo hilo.

Sheria tunayoitumia sasa ilitiwa saini Aprili 2016, Kenya ikiwa imewekewa shinikizo na shirika la dunia la kupambana na pufya, WADA. Humo mna jela: anayempa mwanariadha dawa hizo ametajiwa kifungo cha miaka 3 na faini ya shilingi milioni 3. Kwenye karatasi ni sheria kali. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki za Rio, meneja wa timu yetu ya riadha, Michael Rotich, alirudishwa nyumbani kwa tuhuma za kuahidi kuwadokezea wanariadha siku za kupimwa. Riadha ya dunia ilimfungia miaka 10. Rio hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha mahakamani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, kwa matumizi ya pesa za timu. Septemba 2021 hukumu ikatoka: faini ya shilingi milioni 3.6 au miaka 6 gerezani.

Hilo "au" ndilo ninalotaka tulitazame. Waziri alipewa bei. Mkimbiaji hapewi bei. Miaka yake 4 hailipiwi, na miguu ina umri. Kiprop aliingia marufukuni akiwa na miaka 28, akatoka akiwa na 32, na mbio za kati hazimsubiri mtu hadi hapo.

Wala si sisi peke yetu. Mkimbiaji Marion Jones wa Marekani alifungwa miezi 6 mwaka 2008 kwa kuwadanganya wapelelezi kuhusu dawa alizotumia. Victor Conte, mwenye maabara iliyozitoa dawa zile, alikuwa amefungwa miezi 4. Karibuni zaidi, Blessing Okagbare wa Nigeria alifungiwa jumla ya miaka 11, na Eric Lira, aliyemletea dawa, akahukumiwa Februari 2024 na mahakama ya Marekani kifungo cha miezi 3. Tukubali kwamba jela ni jela na marufuku ni marufuku, havipimwi kwa mizani moja. Hata hivyo miezi 3 ni michache mno. Wavuvi wa huku humtegea papa kwa jarife, wavu wenye matundu makubwa ambao dagaa hupita bila kuguswa. Sheria za michezo zimefumwa kinyume.

Sababu si siri. Mkojo wa mkimbiaji unazungumza maabarani. Daktari wa mtaani hapimwi na mtu. Kumpata kunataka polisi, simu, risiti za dawa, na shahidi kama Kisorio anayesikilizwa badala ya kubezwa. Pesa zimeahidiwa: mwishoni mwa 2022, Kenya ikikaribia kufungiwa nzima, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Sehemu kubwa ikiishia kwenye chupa za sampuli, tutaongeza majina ya vijana kwenye orodha na wauzaji wataendelea kufungua maduka asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ni moja. Kila mwanariadha anapofungiwa, faili la pili lifunguliwe siku hiyohiyo, la kumtafuta aliyempa dawa, na mwanariadha atakayetoa ushahidi apunguziwe adhabu, kama kanuni za WADA zinavyoruhusu. Kifungo cha miaka 3 kimo katika sheria tangu 2016. Kitumike.