Jiwe na Safari Yake: Urithi wa Oldupai na Eyasi

Aghalabu zana za mawe za kale husifiwa kwa ukali wake tu: zilikata nyama, zilipasua mifupa, zilichonga miti. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kabla jiwe halijakata, lilitafutwa. Na mara nyingi kabla halijatumiwa, lilisafiri. Safari hiyo ndiyo inayotueleza habari za watu wenyewe.

Huko Grimes Graves, Uingereza, miaka ipatayo 4,600 iliyopita, watu walichimba mashimo yenye kina cha zaidi ya mita 10 kwa pembe za kulungu ili kupata gumegume. Katika Ngorongoro jiwe lilipatikana juu ya ardhi, lakini si kila mahali. Karibu na Bonde la Oldupai pana kilima cha Naibor Soit, jina la Kimaasai lenye maana ya mawe meupe. Huko ndiko kulikotoka mawe mengi meupe yaliyochongwa FLK, mahali alipogundua Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, penye umri wa miaka 1,800,000 hivi. Gumegume nalo lilijiunda ndani ya ziwa la magadi la kale, likapatikana pale tu maji yalipopungua. Mahali paitwapo MNK wachongaji waliacha vipande vyake kwa wingi. Basi, kuyajua mawe kulikuwa elimu, na elimu haidumu pasipo watu wa kuirithisha.

Maelfu mengi ya miaka baadaye, safari ya jiwe ilirefuka. Katika pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, na katika mwamba wa Nasera, Ngorongoro, vimepatikana vipande vya obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Asili yake ni sehemu za Naivasha, Kenya. Kutoka huko hadi Mumba ni kilomita zipatazo 300. Wakazi wa Mumba walikuwa na mawe mengine karibu yaliyoweza kukata. Jiwe lililotoka mbali namna hiyo lilipita katika nchi za watu wengine, na hapana budi lilibeba heshima na ujamaa pamoja na makali yake.

Jambo hili si geni kwa watu wa Eyasi. James Woodburn, katika makala yake ya mwaka 1982, alieleza jinsi Wahadzabe walivyochezeana kamari vitu kama mishale na viko vya mawe, hata vitu vya upande mmoja wa nchi vikawafikia watu wa upande mwingine. Kitu kilizunguka, na watu wakabaki wamefungamana.

Kwa hiyo kipande cha obsidiani kina thamani pale kilipolala. Kikiokotwa na kutiwa mfukoni, hubaki kuwa kioo tu. Safari yake imefutwa, na pamoja nayo ushahidi kwamba wazee wetu wa kale hawakuishi kila kundi peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki hayo, lakini mlinzi wa kwanza ni mwananchi anayejua kwamba jiwe alikanyagalo lina historia.