Mtindi na Dawa Kali

Wazee wetu wa Unguja walikuwa na kawaida ambayo hawakufundishwa na daktari. Mtu akimaliza dawa kali na tumbo likawa linamwendesha, huwekewa bakuli la maziwa ya mtindi. Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe, na kawaida hiyo nimeikuta. Kwa muda mrefu nimejiuliza ilikuwa na maana gani.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu hapa, alikiandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1876. Wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajathibitisha kijidudu chake. Alifanya hivyo mwaka 1884. Katika miaka ya 1920, maradhi hayohayo yalimkuta Mfaransa Henri Boulard huko Indochina. Aliona wenyeji wakijitibu kwa maganda ya matunda, likiwamo lychee, ambalo ni ndugu wa shokishoki letu. Humo akapata hamira ambayo leo huuzwa kama dawa, nayo huitwa kwa jina lake.

Kabla yake, mwaka 1907, Ilya Metchnikoff wa Paris alikwisha kuwasifu bakteria wa maziwa machachu. Kisha Alexander Fleming akagundua penisilini mwaka 1928. Dawa za namna hiyo ziliokoa roho nyingi, lakini ziliua pia bakteria wema wa tumboni, na fangasi wakapata nafasi. Mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa New York wakatangaza nistatini, dawa ya kuua fangasi.

Hapa ndipo penye fundo, msomaji wangu. Bakteria wa mtindi huweza kuuawa na antibiotiki. Hamira ya Boulard haidhuriwi na antibiotiki, lakini yenyewe ni fangasi, kwa hiyo nistatini huiua. Ndiyo maana mwenye kutumia bakteria hao hushauriwa aache kama saa mbili baada ya antibiotiki, na mwenye kutumia dawa ya fangasi aiache hamira kwanza. Tena, kalsiamu ya maziwa huishika tetrasaiklini isiingie mwilini vyema. Kidonge hicho hakishushiwi kwa mtindi.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vijidudu hivi hupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Israel walikuta kwamba kuvimeza baada ya dawa kulichelewesha kurudi kwa bakteria wa asili tumboni. Na kwa mgonjwa mahututi, au mwenye kinga dhaifu, hamira huweza kuingia katika damu.

Nalistahi bakuli la wazee. Lakini wao waliliweka mbele ya mtu aliyekwisha kumaliza dawa. Sisi hutoka duka la dawa na vidonge vya aina tatu katika mfuko mmoja, tukavimeza vyote kwa mkupuo. Basi tumuulize muuzaji kipi kinywewe saa ngapi, naye atueleze, kabla hatujaondoka.