Ritifaa: Koma ya Juu Inayomtaja Mwenye Mali

Wiki hii tuzungumze juu ya kialama kidogo kuliko chembe ya mchele. Wataalamu wa Kiswahili wanakiita ritifaa, yaani ile koma inayoning'inia juu ya mstari. Waingereza huitumia kuonyesha herufi iliyoachwa, na tena kuonyesha mwenye mali. Mtu atauliza: jambo la darasani linatafuta nini katika mazungumzo ya historia? Linatafuta mengi, maana hapa Unguja kialama hiki kinaweza kumpa mtu nyumba isiyokuwa yake.

Nje kidogo ya Mji Mkongwe, katika barabara ya Malawi, lipo jengo la zamani lililojengwa mnamo 1860 kwa ajili ya Sultani Majid bin Said. Mwaka 1866 Daktari David Livingstone alikaa humo akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara, ambako alifariki mwaka 1873. Jina la Kiingereza la jengo hilo ni Livingstone House, bila alama yoyote. Nyumba imepewa jina la mgeni, basi. Lakini wako wanaoongeza ritifaa na herufi s, wakaandika Livingstone's House, na hapo hapo mgeni amegeuka mwenye nyumba na Sultani Majid amepotea. Sisi kwa Kiswahili tunasema Nyumba ya Livingstone, na hiyo "ya" yetu inabeba yote mawili, kumiliki na kuhusiana. Kule Shangani, ukisema kwa Kiingereza Tippu Tip's House, ritifaa haina kosa. Hamed bin Muhammed el Murjebi alikuwa na nyumba yake pale, na mwaka 1905 akafariki hapa hapa mjini.

Ritifaa yenyewe si ya asili kwa Waingereza. Lugha yao ya kale ilikuwa na kiishio cha "es" kwa mwenye mali, na karne zilivyopita ile e ikamezwa. Alama waliiazima kutoka Ufaransa katika karne ya 16, kwanza kwa ajili ya herufi zilizomezwa, na kanuni za kuandika mwenye mali mmoja na wenye mali wengi zikachelewa sana kutulia. Hata leo hawajapatana. Huko Marekani, bodi ya serikali ya majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, haiitaki ritifaa ya umiliki katika ramani zake, na majina yaliyosamehewa yanahesabika kwa vidole. Uingereza, mwandishi mstaafu wa magazeti, John Richards, alianzisha chama cha kuilinda mwaka 2001, na mwaka 2019 akatangaza kukifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda.

Kiswahili katika umiliki hakina haja nayo. Sisi huanza na mali, kisha mwenyewe, na katikati tunatia neno linalofuata ngeli ya mali: kasri la Sultani, bustani ya Sultani, viti vya Sultani. Mwingereza alama yake anambandika mwenye mali. Sisi yetu tunaibandika mali yenyewe.

Sasa, kumiliki kwa sarufi si lazima kuwe kumiliki kweli. Tangu 1895 ukanda wa Mwambao wa Kenya ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza, lakini katika maandishi ya sheria ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu, Mombasa, mpaka mwaka 1963. Ritifaa ilikuwa ya Sultani, amri na bunduki zilikuwa za mwengine. Na yeye mwenyewe hapa Unguja alikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Sultani Jamshid bin Abdulla akaondoka, na Sultan's Palace ikaitwa People's Palace. Victoria Gardens, bustani ambayo Sayyid Barghash aliifanya kwa ajili ya watu wa nyumba yake na baadaye Sultani Hamoud akaitoa kwa umma, ikawa People's Gardens. Nchi yenyewe, mpaka Muungano wa tarehe 26 Aprili, iliitwa People's Republic of Zanzibar. Mwaka 1966 ikafuata People's Bank. Wachora vibao wengi hujikwaa hapa. Neno people ni la wingi tayari, kwa hiyo ritifaa hukaa kabla ya s. Ukiisogeza ikaja nyuma ya s, utakuwa umesema kwamba mataifa kadhaa yameshirikiana benki moja! Kwa Kiswahili hatari hiyo haipo: Benki ya Watu wa Zanzibar, basi. Na kasri lilibaki na "la" yake ile ile. Lililobadilika ni jina la mwisho.

Je, lilikuwa la wananchi kweli? Lilitumiwa kwa shughuli za serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho, mtu akaweza kukata tiketi akaingia. Sisemi hivi kwa kubeza. Suala zito zaidi liko mashambani. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali, kisha familia zikagaiwa eka tatu tatu. Waliogaiwa walipewa kulima na kuvuna, hawakupewa kuuza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 nayo ikasema ardhi ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kwa manufaa ya watu wa Zanzibar. Lakini mzee aliyeipalilia eka zake miaka hamsini husema "shamba langu", na watoto wake husema "shamba la baba". Baadhi ya eka hizo zimekwishakatwa viwanja na kujengwa nyumba. Hapo "langu" ya mzee na "la umma" ya sheria zinakutana juu ya udongo mmoja, na hakuna ritifaa ya kuamua.

Sisi wa redio tuna taabu nyengine. Ritifaa ya Kiingereza haisikiki: iwe kabla ya s au baada yake, kwenye kipaza sauti ni sauti moja. Ya kwetu inasikika. Ndiyo inayotenganisha mwanzo wa ng'ombe na mwanzo wa ngoma, na imo katika maandishi sanifu yaliyojengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kukabidhiwa Kamati ya Lugha mwaka 1930.

Vuka Darajani, pale palipokuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa, uingie upande wa pili wa mji, waliko wakaazi wengi zaidi wa mji huu. Upande huo ni Ng'ambo. Katika ramani na ripoti nyingi za Kiingereza umeandikwa Ngambo, na mgeni akiusoma hivyo hewani hakuna mwenyeji atakayejua anataja wapi. Wale wale waliohangaika na ritifaa ya People's Palace na watuwekee na hii, pale baina ya g na a.