Mohamed Amin na Jicho la Kamera

Mohamed Amin, mpiga picha za habari za televisheni, alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Mwaka 1964 alizipiga picha za Mapinduzi ya Unguja. Mwaka 1966 alirejea kisiwani, akapiga picha za kambi ya mafunzo ya kijeshi. Akatiwa gerezani karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini.

Hakuiweka chini kamera yake. Mwaka 1984 aliionyesha dunia njaa ya Korem, Uhabeshi, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko mjini Addis Ababa, akarudi kazini kwa mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege, Ngazija.

Jicho lililoogopwa Unguja ndilo lililookoa maelfu Uhabeshi.