Visa vya Doctor Who vilivyohukumiwa kwa masikio

Kwa miongo kadhaa mashabiki wa Doctor Who walibishana vikali kuhusu visa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuviona. Tamthilia hiyo ya BBC, inayomhusu msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari, ilianza kurushwa Novemba 23, 1963, ikiongozwa na mtayarishaji Verity Lambert. Ilipendwa mno. Hata hivyo, miaka michache baadaye BBC yenyewe ikaanza kuifuta.

Kanda za video zilikuwa ghali, hivyo zilitumiwa tena kurekodi vipindi vingine. Nakala za filamu za milimita 16, zilizotengenezwa kwa ajili ya vituo vya ng'ambo, nazo ziliendelea kuteketezwa hadi mwaka 1978. Kati ya sehemu 253 za misimu sita ya kwanza, zaidi ya 100 zikapotea. Kilichosalia kikamilifu ni sauti, shukrani kwa watazamaji waliotega vinasa sauti vyao mbele ya televisheni nyumbani.

Kwa hiyo watu walihukumu kwa masikio, wakisaidiwa na kumbukumbu za utotoni. The Tomb of the Cybermen, kisa cha mwaka 1967, kilisifiwa kama kilele cha tamthilia nzima. Mwaka 1992 kikarejea kutoka Hong Kong, sehemu zake zote nne. Cybermen, maadui wa Daktari, wakipasua utando wa makaburi yao na kushuka mmoja mmoja bado wanatisha, na Patrick Troughton, mwigizaji wa Daktari wakati huo, akimweleza binti Victoria, msafiri mwenzake, kwa sauti ya chini jinsi anavyowakumbuka jamaa zake ni uigizaji wa hali ya juu. Lakini waya zinazomnyanyua mtu hewani zilionekana waziwazi, na baadhi ya mashabiki wakavunjika moyo.

Mimi waya hazinisumbui. Kinachonisumbua ni Toberman, mtumishi mweusi mwenye misuli mikubwa, aliyeigizwa na Roy Stewart, ambaye karibu hapewi neno la kusema. Kwenye sauti peke yake mtu huyo hayupo. Ilibidi picha zirudi ndipo watu waone jinsi alivyotumiwa.

The Enemy of the World kilipata kinyume chake. Sehemu ya tatu tu ndiyo iliyokuwa imesalia, nayo sehemu kubwa inapita ndani ya nyumba, mpishi akilalamika. Basi kisa kizima kikapachikwa jina la kuchosha. Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu za zamani, amezikuta sehemu tano zilizobaki katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Nakala kama hizo ziliuzwa kwa vituo vya nje na mara nyingi zikahamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kumbe kisa kinaanza ufukweni, kwa kufukuzana na helikopta! Troughton anaigiza watu wawili, Daktari na dikteta Salamander, na tofauti kubwa imo machoni na katika mwendo, mambo ambayo kinasa sauti hakiyanasi. Yumo pia Fariah, mwonjaji wa chakula cha dikteta, aliyeigizwa na Carmen Munroe. Huyu ni mwanamke mweusi mwenye maneno, hasira na uamuzi wake mwenyewe, miezi michache tu baada ya Toberman. Katika kura ya wasomaji wa Doctor Who Magazine ya mwaka 2014, kisa hiki kilipanda sana ikilinganishwa na ile ya 2009, na kilistahili.

Pamoja nacho zilipatikana sehemu nne za kisa kingine, The Web of Fear. Ya tatu ilikosekana, nayo ndiyo inayomwingiza rasmi Kanali Lethbridge-Stewart, mhusika aliyekuja kupendwa kwa miaka mingi. Mwaka 2021 ilitolewa kwa katuni iliyojengwa juu ya sauti ya 1968. Inasaidia kufuata hadithi, lakini kumpima Nicholas Courtney, aliyemwigiza kanali huyo, kwa katuni hiyo ni kumwonea.