UZI: "Ardhi ya bure" ilikuwa ya nani?

1/ Mjadala wa ardhi ukianza hapa kwetu, hakosi wa kusema: "Shamba ni la aliyelimwagia jasho." Mwingine anamrudi: "Na aliyefukuzwa je?" Leo niwapeleke Marekani kidogo, hilo swali wako nalo tangu zamani. Sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi Sheria ya Homestead. Umefika miaka 21 ama wewe ndiye mkuu wa familia, na hujawahi kushikia serikali silaha? Chukua ekari 160. Ada zote kama dola 18. Jenga nyumba, lima, kaa miaka 5, ndio upewe hati.

3/ Kwa maskini huo ulikuwa mlango mkubwa. Waliingia wahamiaji wa Ulaya, wajane, wanawake ambao hawajaolewa, na baadaye Weusi waliotoka utumwani.

4/ Na haikuwa mchezo. Nebraska miti ilikuwa haba, kwa hivyo wengi walijenga kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake. Ukame, nzige, baridi kali. Maombi yalikuwa kama milioni 4. Waliopata hati, milioni 1.6. Zaidi ya nusu walitoka mikono mitupu.

5/ Mwaka 2007 kituo kipya cha kuenzi historia hiyo kilifunguliwa karibu na mji wa Beatrice, Nebraska, pale Daniel Freeman, mmoja wa waombaji wa kwanza kabisa, alipochukua shamba lake. Paa limeinuka kama plau inayopasua ardhi. Wanasherehekea jasho, na mimi sina shida na hiyo.

6/ Lakini ekari zilizogawiwa ni kama milioni 270. Serikali ilizitoa wapi? Upande huo wa Beatrice ulikuwa wa Waotoe na Wamissouria. Mwaka 1854 waliachia ardhi yao kwa mkataba, wakabakishiwa kipande kando ya mto Big Blue. Kufikia 1881 hata hapo walishahamishwa, wakapelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma.

7/ Kituoni kuna ukuta wa mabamba yenye umbo la kila jimbo lililoguswa na sheria hiyo, majimbo 30. Kila bamba limetobolewa kuonyesha kiasi kilichogawiwa. Mjukuu wa mkulima ataona alichopata babu yake. Mjukuu wa Muotoe ataona shimo.

8/ Sisi tunaijua hiyo hesabu. Mkoloni aliita mashamba ya watu "ardhi ya Crown", na sheria ya 1915 ikaruhusu mlowezi akodishiwe kwa miaka 999. Mlowezi naye alilima kweli. Jasho lake halikufuta jina la aliyekuwa pale kabla yake.

9/ Kwa hivyo ukisikia jukwaani "tutawagawia ardhi bure", usipige makofi haraka. Uliza: ilikuwa ya nani, na yeye amelipwa nini?