Kabati la mtumba na maua ya kubandika: yalitoka wapi?



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu hapa Kasulu bi harusi mtarajiwa kutoka Kibondo, kaja na mama yake mdogo kuagiza mapazia. Tulipomaliza vipimo, binti akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtengenezea kabati. Si jipya. Alilinunua mnadani, shirika moja lilipofunga ofisi, na rangi imebanduka milango yote miwili. Mama mdogo akamkatiza: "Usimsumbue dada wa watu. Kabati la mtumba haliingii nyumba ya bi harusi, watu watasema." Mchumba alikuwa tayari kukopa waagize seti mpya kutoka Dar es Salaam. Binti ndiye aliyekuwa hataki, maana mkopo ule ulikuwa na riba, na yeye hataki kulalia kitanda cha riba usiku wa kwanza wa ndoa yake.

Nikamwambia alete kabati. Na mama mdogo nikamwahidi kwamba nitaandika haya, kwa sababu fedheha anayoiogopa haina msingi. Vitu vya zamani kupakwa rangi upya na kubandikwa maua ni jambo la karne na karne, hata kwa wale tunaowaona watu wa fahari.

Mimi maua hayo niliyaona kwanza kwenye cherehani. Nilipomaliza sekondari nikaenda kozi ya ushonaji, na darasani tulikuwa na Butterfly nyeusi za Kichina zenye nakshi za dhahabu mwili mzima. Nikadhani kuna mtu amekaa akazichora kwa brashi moja moja. Fundi aliyetufundisha akacheka, akatuonyesha pale kitambaa kinapopita kila siku: dhahabu imekwisha, nyeusi imebaki. Ile ilikuwa picha iliyochapwa kwenye karatasi yenye gundi, ikaloweshwa, ikatelezeshwa juu ya chuma, ikafunikwa vanishi. Singer, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1851, ilipamba hivyo mashine zake hadi nyingine zikawa na sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Chuma cha kiwandani kiliwekwa sebuleni kwa watu, kwa hiyo kikavishwa nguo za sebuleni.

Ufundi wenyewe una umri kuliko cherehani. Mwaka 1756, mjini Liverpool, Uingereza, wachapaji wawili, John Sadler na Guy Green, waliapa mbele ya mashahidi kwamba kwa saa 6 wamechapa vigae zaidi ya 1,200 bila msaada wa mtu. Walichapa picha kwenye karatasi kutoka bamba la kuchonga, kisha wakaihamishia kwenye kigae. Mchoraji wa mkono angehitaji wiki nyingi. Tangu hapo sahani yenye maua ikaacha kuwa ya tajiri peke yake.

Venice, Italia, walikuwa na hila yao kwenye fanicha karne hiyo hiyo ya 18. Matajiri walitaka makabati yaliyopakwa laka kama ya China na Japani, na bei yake ilikuwa haishikiki. Mafundi wakanunua picha zilizochapwa, wakazipaka rangi, wakazikata kwa mkasi, wakazibandika kwenye mbao nyepesi na kupaka vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ukingo wa karatasi usisikike kwa kidole. Waliita laka ya kimaskini. Leo makabati hayo yako kwenye majumba ya makumbusho! Nilipomsimulia mama mdogo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama huko nako walikuwa wanasemana.

Sasa nije kwenu visiwani, ambako mnajua mengi kuliko mimi. Mapambo ya nyumba ya zamani ya Unguja yalikuja na majahazi na meli kutoka kila upande: makasha ya misumari ya shaba, vioo, saa za ukutani, na sahani na mabakuli ya Ulaya yenye maua ya kuchapwa, mengine kutoka Maastricht, Uholanzi. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886, anaeleza vyumba vyenye vidaka vilivyojaa vyombo, na vitanda vya Kihindi vilivyo juu kiasi kwamba mtu alihitaji kiti apande. Na samadari, kitanda ambacho bi harusi wa Unguja anapambiwa hadi leo, kina miguu ya kukerezwa iliyopakwa rangi kali na ubao wa kichwani wenye vioo vya kuchorwa au vigae vya maua. Tunakiita cha asili. Lakini asili hiyo yenyewe ilisafiri, ikauzwa, ikarithiwa, ikapakwa upya. Samadari ngapi mjini Unguja zimelaliwa na bi harusi mmoja tu?

Huku bara juu hazikufika. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wameshaizoea njia ile, na kupitia Ujiji ndiko Uislamu na kanzu vilikuja upande wetu. Lakini misafara ilibeba shanga, vitambaa na waya. Samadari huwezi kuibeba kichwani kwa miezi mitatu. Nyumba ya Buha ilikuwa na mkeka, kigoda cha kuchongwa kwa gogo moja, na baadaye kitanda cha kamba, kile tunachokiita teremka-tukaze kwa jinsi kinavyolegea. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilileta masanduku ya bati, na bati lile lilikuwa na maua.

Fanicha ya mbao ya kawaida, kabati la nguo na la vyombo, imeenea huku kwa njia ya huzuni. Vita vya Burundi baada ya Oktoba 1993, kisha vya Kongo mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa hapa Kasulu, vilileta maelfu ya watu, na wengine wao walikuwa maseremala. Mashirika nayo yalijaza ofisi meza na makabati. Watu waliporudi kwao waliuza wasichoweza kubeba. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya, na mzunguko ukaendelea. Kabati la vyombo la mama yangu tulilinunua kwa familia iliyokuwa inarudi Kongo kupitia ziwani. Yule mama alilifuta vumbi kwa kanga yake kabla ya kutukabidhi, na alichelewa sana kuondoa mkono. Ndiyo maana nikisikia mtu anaita kabati kama hilo takataka, moyo unaniuma.

Neno moja la dini, kwa sababu mnaniuliza. Maua ya kubandika huja pia yenye ndege, farasi na sura za wanawake. Hayo siyaweki. Bibi Aisha, radhiyallahu anha, aliwahi kutundika pazia lenye picha, Mtume, swallallahu alayhi wasallam, akachukizwa nalo. Hakulitupa. Alilikata akafanya mito. Mimi kama mshonaji hadithi hii naipenda kupita kiasi, maana kitu kiliondolewa kasoro na kikaendelea kutumika nyumbani kwake.

Kabati la Kibondo lilikuwa na rangi ya mafuta ya manjano, ya miaka mingi. Hapo dada zangu muwe makini, hasa wenye mimba na wenye watoto wadogo: rangi za zamani za mafuta, manjano na machungwa hasa, mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu. Usipige msasa mkavu. Lowesha, funga barakoa, watoto wakae mbali, na maji yale machafu usiyamwage karibu na kisima. Baada ya hapo ni kuosha kwa sabuni, kuziba nyufa kwa pati, rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba nyembamba. Ua unaliweka rangi ikishakauka kabisa, unalisugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, unavua karatasi polepole. Vanishi ya maji juu yake mara tatu. Kumbukeni ile Butterfly.

Na si kila mbao ipakwe. Mwanzoni nilipoanza biashara hii mteja aliniletea kitanda cha mninga cha bibi yake, akataka kiwe cheupe kama alichokiona kwenye simu. Nikapaka. Kabla ya miezi sita madoa mekundu yalipenya kutoka ndani ya mbao, na nilipokwangua nikaona nakshi ndogo ya mkono ambayo niliijaza pati bila kuitazama. Nilimrudishia pesa, nakshi sikuweza kuirudisha. Siku hizi mninga naupaka mafuta tu, na mteja akikasirika aende kwingine. Rangi na maua ni ya mbao nyepesi na mbao zilizokwisha umia.

Kabati la binti lilitoka kijani kibichi iliyopoa, na mzabibu mweupe ukipanda milango yote miwili. Gharama yote haikufika hata malipo ya mwezi wa kwanza ya ule mkopo. Lilipanda lori hadi Kibondo siku tatu kabla ya nikahi, limefungwa mablanketi. Kamba ilikwaruza ua moja la pembeni njiani. Nimemtumia lingine kwa basi la jana asubuhi, na mama mdogo amenipigia mwenyewe kuuliza kijiko kiwe cha ukubwa gani.